Wimbo wa Misa ni wa Nani? Tafakari juu ya Muziki Mtakatifu katika Liturujia na katika Maisha ya Kila Siku



Siku ya Dominika, baada ya Misa Takatifu, katika viwanja vya parokia zetu nyingi husikika swali ambalo limekuwa la kawaida kiasi cha kutomshangaza mtu: leo wameimba nani? Jibu hutolewa kwa kutaja jina la kwaya, kisha hufuata hukumu: wameimba vizuri, au sauti ya tatu ilipwaya, au mpiga kinanda alikuwa na haraka. Swali lenyewe halina ubaya. Hata hivyo, ndani yake limejificha wazo ambalo Mama Kanisa hajapata kulifundisha, yaani kwamba katika adhimisho la Ekaristi wako wanaoimba na wako wanaosikiliza. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza wazo hilo kwa msaada wa Maandiko Matakatifu, historia ya Kanisa na mafundisho ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Tunaamini kwamba jambo hili si la wanamuziki peke yao. Taifa la Mungu likinyamaza kanisani, kuna kitu cha imani kinachopotea, na hakirudi kwa urahisi.

Tuanze na Bwana mwenyewe. Wainjili Mathayo na Marko wanatusimulia kwamba usiku wa Karamu ya Mwisho, kabla ya kwenda Mlima wa Mizeituni, Yesu na mitume wake waliimba (rej. Mt 26:30, Mk 14:26). Wataalamu wa Maandiko kwa kawaida huona hapo zaburi za sifa zilizoimbwa na Wayahudi katika mlo wa Pasaka, yaani zile zinazoanzia ya 113 hadi ya 118. Basi Ekaristi ya kwanza kabisa ilikuwa na wimbo, na Kristo alikwenda kuteswa akiwa ametoka kuimba pamoja na wanafunzi wake. Mitume waliendelea na desturi hiyo. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, huku miguu yao imefungwa katika mkatale na wafungwa wengine wakiwasikiliza (rej. Mdo 16:25). Na katika barua kwa Wakolosai na kwa Waefeso, Paulo anawahimiza waamini wote kuimba zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni, tena waimbe kwa namna ya kufundishana na kuonyana wao kwa wao. Mtume hakuwa na kundi maalumu akilini. Aliandikia jumuiya nzima.

Usiku wa Milano

Kati ya matukio yote ya historia ya muziki mtakatifu, liko moja ambalo tungependa kila mwanakwaya alifahamu. Mwaka 386, mjini Milano, Mtakatifu Ambrosi askofu alikuwa katika mgogoro mzito na Justina, mama wa kaisari kijana Valentiniano wa Pili. Justina aliwaunga mkono Waario, waliokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, naye alitaka wapewe kanisa la kusalia. Ambrosi alikataa. Waamini walijifungia kanisani pamoja na askofu wao, wakikesha usiku na mchana, wakiwa tayari kufa pamoja naye. Miongoni mwao alikuwamo Monika, mama yake Augustino. Ili watu wasizimie moyo kwa uchovu na huzuni, Ambrosi aliwafundisha kuimba tenzi na zaburi kwa desturi ya Makanisa ya Mashariki. Augustino, ambaye wakati huo alikuwa bado hajabatizwa, ndiye aliyetuachia simulizi hilo katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake, na anatuambia kwamba kutoka hapo desturi hiyo ilienea katika sehemu nyingine za dunia.

Tutazame alichokifanya Ambrosi. Hakuwaletea waamini waliochoka waimbaji hodari wa kuwatumbuiza. Aliwatia wimbo kinywani mwao wenyewe. Tenzi alizozitunga zilikuwa na beti za mistari minne, kila mstari silabi nane. Msomaji anayejua utenzi wa Kiswahili, wenye vipande vinne vya mizani nane nane, ataelewa mara moja kwa nini tenzi hizo zilikaa vichwani mwa wavuvi, wachuuzi na wajane wa Milano bila wao kuhitaji kitabu. Tena kilichowekwa ndani ya umbo hilo jepesi hakikuwa kitu chepesi: kilikuwa ni fundisho la Utatu Mtakatifu, lile lile ambalo Waario walilipinga. Kanisa lilitetea imani kwa hoja za maaskofu kwenye mitaguso, na pia kwa koo za watu wa kawaida waliokuwa wakiimba usiku. Huko Mashariki, miaka michache kabla, Mtakatifu Efremu wa Siria, aliyefariki mwaka 373, alikuwa ametumia njia hiyo hiyo: mafundisho potofu yalikuwa yameenea kwa nyimbo tamu, naye akajibu kwa nyimbo, akizifundisha kwaya za wanawake.

Augustino huyo huyo anatupa pia upande wa pili wa jambo, na hapa ndipo tunapompenda zaidi kwa unyofu wake. Katika kitabu cha kumi anakiri kwamba nyakati nyingine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na hilo aliliona kuwa ni kosa. Aliwahi hata kutamani nyimbo zote ziondolewe kanisani, au ifuatwe desturi ya Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, ambaye alimtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo tu, karibu na kusoma kwa kawaida. Lakini alipokumbuka machozi aliyoyamwaga aliposikia nyimbo za Kanisa katika siku za kwanza za uongofu wake, alielekea kukubali kwamba wimbo una nafasi yake. Hakuwahi kulifunga suala hilo moja kwa moja. Sisi tunaoishi katika zama za vipaza sauti na video za nyimbo tungefanya vema kubaki na wasiwasi wake kidogo.

Wasiwasi huo umo hata katika maisha ya somo wa wanamuziki, Mtakatifu Sesilia. Kwaya zisizohesabika zimejiweka chini ya ulinzi wake, na picha zake humwonyesha akipiga kinanda. Lakini simulizi la kale la kifodini chake halisemi kwamba alipiga chombo chochote. Linasema kwamba siku ya arusi yake, wakati vyombo vya muziki vikilia, yeye alimwimbia Bwana moyoni mwake. Yaani somo wetu ni mwanamke ambaye, katikati ya muziki mwingi, alikuwa akisali.

Ngoma mlangoni mwa kanisa

Karne nyingi zilizofuata tutazipita haraka, ingawa zina utajiri mkubwa: wimbo wa Kigregori, ambao Kanisa la Kiroma hata leo linautambua kuwa ni wake hasa, nyimbo za sauti nyingi, kinanda cha mabomba. Hazina hiyo ilipozidi kukua, kazi ya kuimba ilizidi kuhamia kwa wataalamu, na watu wakabaki na rozari zao mikononi. Ndiyo maana Papa Mtakatifu Pio wa Kumi, tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, alitoa hati yake Tra le sollecitudini, akitaka muziki wa kanisa uwe mtakatifu, uwe sanaa ya kweli, na uweze kupokelewa na watu wa mataifa yote. Alikemea mtindo wa maonyesho ya jukwaani ulioingia makanisani, na akataka wimbo wa Kigregori urudishwe kwa waamini ili washiriki tena kikamilifu.

Hati hiyo hiyo, hata hivyo, ilikataza ngoma na vyombo vya kelele kanisani, pamoja na piano, na haikuruhusu wanawake kuwa katika kwaya ya kiliturujia. Tunalitaja jambo hili ili vijana wetu waelewe njia iliyopitiwa. Kwa mtu wa Ulaya wa wakati ule, ngoma ilikuwa chombo cha jeshi na cha bendi ya barabarani. Kwetu ngoma iliita watu kwenye mkutano, ilitangaza kifo, ilimkaribisha mtawala, na katika vigango vingi ambavyo havikuwa na kengele ndiyo iliyowaita waamini kwenye sala. Ikaishia mlangoni, nje. Ndani zilisikika tuni za Kijerumani na Kifaransa zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na nyingi kati ya hizo tunazipenda hadi leo kwa sababu babu na bibi zetu walizipenda. Lakini ukweli usemwe: mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nyingi za Ulaya huishia kwa pigo zito katika silabi ya mwisho. Matokeo yake ni kwamba Mwokozi huimbwa kama neno la lugha nyingine. Sikio hulizoea, lakini neno linakuwa limevuliwa sauti yake.

Mabadiliko yalianza kabla ya Mtaguso. Mwaka 1958, huko Kamina katika Kongo, Padre Guido Haazen, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, pamoja na waimbaji wake waliunda Missa Luba, ambayo maneno yake ni ya Kilatini na muziki wake ni wa Kikongo. Huku kwetu Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba swali la muziki wetu linaweza kujibiwa kutoka ndani ya sheria yenyewe ya Kanisa, bila kuivunja. Nchini Uganda Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa misingi ya muziki wa Kiganda, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu.

Mtaguso wenyewe ulizungumza tarehe 4 Desemba 1963, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu, Sacrosanctum Concilium, ambayo sura yake ya sita yote inahusu muziki mtakatifu. Miongoni mwa Mababa wa Mtaguso alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Bukoba. Kifungu cha 119 kinatambua kwamba yapo mataifa, hasa katika nchi za misioni, yenye mapokeo yao ya muziki yanayobeba sehemu kubwa ya maisha yao ya kidini na ya kijamii, na kinaagiza mapokeo hayo yapewe heshima na nafasi inayostahili. Kifungu cha 120 kinakiheshimu sana kinanda cha mabomba, lakini kinaruhusu vyombo vingine pia, mradi vinafaa kwa matumizi matakatifu, vinapatana na hadhi ya hekalu na kweli vinawajenga waamini. Mlango ukafunguka. Mwaka 1988 Kiti Kitakatifu kikaidhinisha Misale ya Kiroma kwa ajili ya majimbo ya Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambamo wimbo na mwendo wa mwili vina nafasi iliyopangwa ndani ya adhimisho lenyewe.

Hapa tuna neno moja la pembeni. Katika parokia kadhaa, ngoma iliyopiganiwa kwa miaka sitini imeanza kutoka tena kimya kimya. Haijakatazwa na mtu. Nafasi yake imechukuliwa na kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, ambapo mpigaji hubonyeza kitufe na mdundo ule ule ukasindikiza Utukufu, matoleo na shukrani. Hatusemi kinanda hicho kiondolewe. Tunasema tu kwamba mpiga ngoma humtazama padre, huisikia pumzi ya waamini, na hupunguza mwendo wazee wanapochelewa. Mashine haimsubiri mtu.

Ngazi tatu zilizopinduliwa

Sasa tufike kwenye kiini. Tarehe 5 Machi 1967 Kanisa lilitoa maagizo yaitwayo Musicam Sacram, ambayo yalifafanua jinsi ya kutekeleza mafundisho ya Mtaguso kuhusu muziki. Humo, katika namba 28 hadi 31, yanapangwa madaraja matatu ya kuimba katika Misa, ili kila jumuiya, hata iliyo ndogo na isiyo na kwaya, ijue ianzie wapi.

Daraja la kwanza ni majibizano kati ya padre na waamini: salamu ya mwanzo, sala, shangilio la Injili, majibizano ya Utangulizi na wimbo wa Mtakatifu, hitimisho la Sala ya Ekaristi pamoja na Amina yake kuu, Baba Yetu, amani, na maneno ya kuaga. Daraja la pili ni Utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo, Nasadiki na sala ya waamini. Daraja la tatu ndipo zinapokuja nyimbo za maandamano, yaani za mwanzo, matoleo na Komunyo, pamoja na nyimbo baada ya masomo. Kisha maagizo hayo yanaongeza jambo ambalo lingefaa kubandikwa katika kila chumba cha mazoezi: daraja la kwanza linaweza kutumika peke yake, lakini la pili na la tatu kamwe yasitumike bila la kwanza.

Tulinganishe na tunayoyaona. Katika Misa nyingi za Dominika tunaimba nyimbo ndefu za mwanzo, matoleo, Komunyo, shukrani na mwisho, pengine mbili au tatu kwa kila nafasi. Lakini salamu ya padre husemwa na hujibiwa kwa kusemwa, Utangulizi husomwa, na Amina inayofunga Sala ya Ekaristi, ambayo ndiyo saini ya taifa la Mungu chini ya tendo lote la sadaka, hutamkwa kwa sauti ndogo na watu ambao tayari wanajiandaa kusimama. Nyumba imeanza kujengwa kwa paa. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kiroma yanasisitiza jambo hilo hilo katika namba 40: katika kuchagua sehemu za kuimba, zipewe kipaumbele zile zilizo za maana zaidi, hasa zile ambazo padre, shemasi au msomaji huimba na waamini huitikia.

Kuna mambo mawili ambayo Misale inayalinda kwa namna ya pekee, nayo husahaulika mara kwa mara. La kwanza ni wimbo wa katikati. Zaburi hiyo ni sehemu ya Liturujia ya Neno, ni Neno la Mungu kama yalivyo masomo yenyewe, na ndiyo sababu hairuhusiwi kuweka wimbo mwingine badala yake (namba 61). Anayeuondoa na kuweka wimbo mzuri wa mtunzi fulani amefanya sawa na aliyeondoa somo la pili na kusoma hotuba. La pili ni maneno ya sehemu zisizobadilika. Maneno ya Utukufu hayabadilishwi kwa mengine (namba 53), na hivyo hivyo Mwanakondoo na sehemu nyingine za namna hiyo haziwezi kubadilishwa na nyimbo nyingine (namba 366). Zipo nyimbo za Utukufu zinazoimbwa katika makanisa yetu ambazo hubakiza mstari wa kwanza tu, kisha huendelea na maneno ya mtunzi. Mtoto aliyekulia katika nyimbo hizo atafika Kipaimara bila kuujua utenzi ambao Kanisa limeuimba tangu karne za kwanza.

Isidhaniwe kwamba tunawalaumu wanakwaya. Tunajua sadaka yao: mazoezi ya jioni baada ya kazi, nauli kutoka mifukoni mwao, sare wanazochangishana, Misa za Krismasi na Pasaka ambapo familia zao huketi mbali nao. Mtaguso katika kifungu cha 114 unaagiza kwaya ziendelezwe kwa bidii. Kifungu hicho hicho kinawataka maaskofu na wachungaji wengine wahakikishe kuwa waamini wote wanaweza kutoa mchango wao katika kila tendo takatifu linaloadhimishwa kwa wimbo. Na Musicam Sacram, namba 16, haikubali desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, zile zinazobadilika na zisizobadilika, kiasi cha kuwatenga kabisa waamini. Kwaya basi ni sehemu ya waamini iliyopewa huduma. Ipo nafasi ya kuimba wimbo wa sauti nne huku wengine wakisikiliza na kusali kwa ndani. Kusikiliza nako ni kushiriki. Wakati wa matoleo, katika nchi zetu ambapo waamini wote huandamana kupeleka vipaji vyao, wimbo wa kwaya ni msaada wa lazima, maana watu wana sadaka mikononi na si kitabu.

Yako pia mambo madogo yanayowanyamazisha watu bila mtu kukusudia. Kipaza sauti kikifunguliwa kupita kiasi, mwamini aliye benchi la kumi haisikii sauti yake mwenyewe wala ya jirani yake, na mtu asiyejisikia huacha kuimba baada ya ubeti mmoja. Wimbo ukianzishwa juu mno, akina baba hunyamaza. Kila Dominika ikiwa na wimbo mpya uliopokelewa Ijumaa kwa simu, hakuna atakayeujua isipokuwa wale waliofanya mazoezi Jumamosi. Na kimya chenyewe ni sehemu ya adhimisho: baada ya Komunyo Misale inatoa nafasi ya kukaa kimya kwa muda, na inatoa pia nafasi ya wimbo wa sifa, lakini haijasema kila nukta ya ukimya ijazwe. Wakati wa Kwaresima vyombo hutumika tu kusindikiza sauti za waimbaji, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu (namba 313). Tumewahi kusikia waamini wakisema kwamba Kwaresima ndicho kipindi wanachoimba zaidi. Sababu yake si ya ajabu.

Wimbo nje ya kuta za kanisa

Yote tuliyoyasema kuhusu Misa yangekuwa suala la taratibu tu, kama wimbo ungebaki kanisani. Lakini haubaki. Tangu maaskofu wa AMECEA walipozifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, nyumba za waamini zimekuwa mahali pa sala kila juma, na huko hakuna kwaya wala kinanda. Mama mmoja huanzisha, wengine hupokea. Hapo ndipo inapojulikana kama parokia inaimba au inaimbiwa. Jumuiya inayotoka katika parokia inayoimba huwa na zaburi, nyimbo za Bikira Maria, nyimbo za Ekaristi. Jumuiya inayotoka katika parokia inayoimbiwa huwa na viitikio viwili au vitatu vinavyorudiwa mwaka mzima, au huwasha simu na kuusikiliza wimbo uliorekodiwa.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi wakati wa msiba. Usiku wa kukesha, familia ikiwa imeketi na mwili wa marehemu ndani, padre yuko mbali na pengine atafika kesho yake saa ya mazishi. Kinachowashika watu hadi alfajiri ni Rozari na nyimbo. Ndani ya nyimbo hizo ndimo waliofiwa wanamosikia, kwa maneno wanayoweza kuyatamka wenyewe katikati ya machozi, kwamba Kristo amefufuka na marehemu wao wamo mikononi mwake. Wimbo wa msiba unaofundisha vibaya, unaosema juu ya kifo kama mwisho, au unaomhukumu marehemu, au unaoahidi yale ambayo Kanisa haliahidi, hudhuru wakati ambapo mtu hana nguvu ya kuuchuja. Ndiyo sababu Mtaguso, katika kifungu cha 121, unadai kwamba maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho katoliki na yachotwe hasa kutoka Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Na ndiyo sababu mwaka 2001 hati ya Liturgiam authenticam iliyataka Mabaraza ya Maaskofu kuandaa orodha ya matini za nyimbo zinazofaa kwa liturujia. Mtunzi anayepeleka kazi yake ikaguliwe kabla ya kuisambaza hajapunguziwa heshima. Anafanya kazi ya katekista, na katekista naye hufundisha kwa idhini.

Wahudumu wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa wanafahamu jambo jingine. Yuko mzee ambaye amesahau majina ya wajukuu zake, lakini ukianza wimbo aliouimba akiwa kijana, midomo yake inafuata hadi ubeti wa mwisho. Wimbo huo aliuimba yeye mwenyewe, tena na tena, kwa miaka mingi. Tujiulize kizazi cha leo kitakuwa na nini midomoni kitakapofika umri huo, ikiwa kanisani kimekuwa kikitazama tu.

Kwa parokia inayotaka kuanza, hatua si kubwa. Padre aanze kuimba salamu na majibizano ya Utangulizi, hata kama sauti yake si nzuri. Waamini huitikia kwa upendo zaidi anapojitahidi. Parokia ichague Mtakatifu mmoja na Mwanakondoo mmoja, iimbe hizo hizo kwa mwaka mzima bila kujali ni kwaya ipi iko zamu. Kiitikio cha wimbo wa katikati wa Dominika ijayo kifundishwe katika jumuiya katikati ya juma, na kirudiwe kwa dakika chache kabla ya Misa kuanza, huku vipaza sauti vikiwa vimezimwa. Wakati mzuri hauko mbali: sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, huangukia siku chache kabla ya Majilio, kipindi ambacho Utukufu hauimbwi siku za Dominika na nyimbo hupungua. Kwaya nyingi huadhimisha siku ya somo wao kwa tamasha na chakula cha pamoja. Tungependekeza kwamba mwaka huu, kabla ya chakula, kila kwaya itumie saa moja kanisani kuwafundisha waamini waliofika, watoto wakiwa benchi la mbele, Amina moja ya kuimba mwishoni mwa Sala ya Ekaristi.